Dotto Kifuani Mwangu

Novemba 4
Mvua ya kwanza ya maana imenyesha Ujiji leo, kuanzia adhuhuri hadi jua lilipoinama. Kumbikumbi wametoka. Nafungua daftari hili kama nifanyavyo kila msimu wa mvua tangu nilipostaafu kufundisha, niandike mvua, afya, na yale ambayo Mungu amejalia.

Nyumbani tuko wawili: mimi na Winfrida, mke wa mwanangu Anatoli. Anatoli ni fundi mitambo wa boti ya mizigo iendayo Kalemie na Mpulungu; hurudi nyumbani boti inapotaka, si anapotaka yeye. Winfrida ana mimba ya mapacha. Tunatarajia Januari.

Tunaheshimiana. Nililelewa upande wa Kasulu, katika nyumba ambayo baba mkwe na mkamwana hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala hawaketi chumba kimoja bila mtu wa tatu. Winfrida huniwekea chakula mezani na kuondoka. Mimi hukohoa kabla ya kuingia sebuleni. Neno likiwa la lazima, hupitia kwa jirani yetu Mwanvua, muuza vitenge ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Mwanvua hutucheka. "Nyumba yenu kama posta," husema. "Kila kitu mpaka kipitie dirishani kwa mtu."

Novemba 7
Manyunyu. Nimesafisha mfereji wa paa.

Novemba 11
Nimekuwa babu kabla ya wakati. Jana Winfrida alishikwa na uchungu ghafla, Mwanvua akampeleka hospitali, na watoto wakatolewa kwa upasuaji. Kulwa ni wa kiume, Dotto ni wa kike. Kulwa ana nafuu ya uzito. Dotto ana kilo moja na robo. Mama yao alipoteza damu nyingi lakini anaishi. Nimewasha mshumaa mbele ya picha ya marehemu mke wangu Bibiana, nikamweleza.

Novemba 13
Hospitalini huwaita watoto njiti. Neno hilo sikulipenda. Nilipomwona Dotto sikupata jingine.

Muuguzi wa wodi ile anaitwa Elida. Ni mfupi, mkavu wa maneno. Alinitazama kuanzia tai hadi viatu, akasema:
"Shikamoo, mzee. Fungua vifungo vya shati."
"Marahaba. Kwa nini?"
"Mtoto anahitaji joto la ngozi. Mama yake ana homa, na nguvu zake zinatosha kumbeba mmoja tu. Kuna bibi?"
"Ni marehemu."
"Baba?"
"Yuko ziwani."
"Basi ni wewe."

Nikamwambia kwamba nimefundisha maisha yangu yote, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona shingo yangu bila tai. Akajibu kwamba Dotto hajaandikishwa shule.

Walinipa kiti nyuma ya pazia. Elida alimweka Dotto kifuani mwangu, uchi isipokuwa kofia na nepi, akatufunga pamoja kwa kitenge kama mzigo wa safari. Alikuwa mwepesi kama fungu la migebuka, samaki wa ziwa letu. Nilikaa wima, nikiogopa kupumua. Baada ya muda niligundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipumua kwa kunifuata.

Novemba 14
Mvua kubwa. Nimembeba tangu asubuhi.

Novemba 17
Leo nimegombana na dereva wa bodaboda kwa sababu alisimama kununua vocha. Nilipofika wodini na kufungwa na Dotto, hasira ilikatika palepale, kama taa inayozimwa. Jambo hilo lilinisumbua. Mimi si mtu wa kubadilikabadilika. Nikamwuliza Elida kama ni kawaida.

"Ni kawaida," akasema, huku akipima dawa. "Ngozi ikikaa juu ya ngozi, ubongo hutoa homoni iitwayo oksitosini. Kwa mama anayenyonyesha, hiyo ndiyo inayosukuma maziwa yatoke. Humtuliza, humfunga na mtoto. Kwako nako inafanya kazi yake."
"Na ugomvi na dereva?"
"Hapo kuna kemikali nyingine, dopamini. Ubongo ukishaonja kitu kizuri, hiyo hukusukuma ukirudie. Ulikuwa unawahi zawadi yako, mzee. Kuna na mengine, ubongo una mambo mengi, lakini hayo mawili yanakutosha kwa leo."
"Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na moja."
"Ubongo hausomi cheti cha kuzaliwa."

Nimerudi nyumbani nikitafakari. Siku zote nimeamini kwamba upendo ni wajibu: mtu huamua, kisha hutimiza. Sasa naambiwa kwamba kuna majimaji kichwani yanayoamua pamoja nami. Nilidhani habari hiyo ingenipunguzia kitu. Haikunipunguzia. Kujua kwamba ugali ni unga wa muhogo na maji hakumwondolei mtu shibe.

Novemba 20
Nimepita kwenye kahawa kule sokoni kabla ya kupanda kwenda hospitali. Mzee Yona alikuwa na hadhira yake.
"Mwalimu Selestini, pole na uzazi," akasema. "Tumesikia umejifungua salama."
"Nimejaliwa wajukuu," nikajibu.
"Na kunyonyesha unaendeleaje? Tukuletee uji wa pilipili manga?"
Walicheka hadi mmoja akamwaga kahawa. Nilimaliza kikombe changu taratibu, nikaaga kwa adabu. Njiani nilijikuta nikitabasamu. Sijui hiyo ilikuwa kemikali ipi.

Novemba 24
Dotto ameongezeka. Mungu ashukuriwe, na Elida ashukuriwe.

Desemba 2
Wametoka hospitali. Homa ya Winfrida imekwisha, ingawa anatembea kwa kujishika ukuta. Elida aliagiza kwamba mama awabebe wote wawili kwa zamu, na kwamba Dotto, ambaye bado hana nguvu za kunyonya, apewe maziwa ya mama kwa kikombe. Nimesema zamu zitaanza mama atakapopata nguvu.

Tumepanga vizuri. Winfrida na Kulwa wana chumba chao. Mimi na Dotto tuko sebuleni. Winfrida hukamua maziwa, Mwanvua huyaleta. Nikisikia kitasa cha chumba, naondoka na Dotto kwenda baraza ya nyuma, ili mkamwana wangu asione baba mkwe aliye kifua wazi, nami nisimwone yeye katika hali ya uzazi. Dotto akilia, nampeleka nje vilevile, mama apumzike. Hatujapitana kwa aibu hata mara moja. Nashukuru kwamba katika nyumba ndogo kama hii adabu imepata nafasi.

Desemba 5
Mvua, upepo wa ziwa. Baraza ya nyuma inaingia maji. Nimeongeza blanketi.

Desemba 8
Anatoli amepiga simu kutoka Kalemie.
"Baba, shikamoo. Hivi ni kweli unambeba Dotto bila shati?"
"Marahaba. Ni kweli."
"Mbele ya watu?"
"Mbele ya Mwanvua."
"Loo. Basi mji mzima unajua."
Injini ya boti imeharibika. Hatarudi karibuni.

Desemba 12
Kliniki. Kulwa amenenepa. Dotto hajaongezeka hata kidogo. Mwanvua anasema maziwa ya kikombe yanapungua kila siku.
"Kwa Kulwa yanatoka," alisema. "Kwa kikombe hayatoki. Anakamua, anakamua, anatazama ukuta."
"Anauliza hali ya Dotto?"
Mwanvua alianza kukunja nepi ambazo zilikuwa zimekunjwa.
"Mwalimu, mimi ni mtu wa kupeleka. Hilo sikupewa nipeleke."

Nimekasirika, ingawa sikuonyesha. Mama asiyeuliza habari za mtoto wake. Nilimdhania Winfrida kuwa mtu wa namna nyingine.

Desemba 15
Nimembana Mwanvua, akasema. Winfrida alimwambia hivi: "Huyo si wangu. Huyo ni wa baba. Mimi nilizaa mmoja."

Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Dotto amelala. Sijui nimwombee nani kwanza.

Desemba 17
Elida amekuja nyumbani, maana kule kliniki uzito wa Dotto haukumpendeza. Alikaa sebuleni akiandika. Kitasa cha chumba kikalia. Nikainuka na Dotto, nikatoka nje kama kawaida. Winfrida akapita kwenda jikoni, akarudi. Nikaingia.

Elida alikuwa ameacha kuandika.
"Mwalimu, hufanya hivyo kila mara?"
"Kila mara."
"Kwa nini?"
Nikamweleza habari ya heshima. Alinisikiliza hadi mwisho, na hilo lilinipa moyo.
"Sasa niambie," akasema. "Huyu mama atamjua mwanawe saa ngapi? Hamwoni, hamshiki, hamnusi, kilio chake kinapelekwa uani. Nilikuambia oksitosini husukuma maziwa. Basi inaitwa na mtoto, Mwalimu, haiitwi na kikombe. Heshima yenu inamkausha."
"Hiyo ni kauli nzito kumwambia mtu ndani ya nyumba yake."
"Uzito wa Dotto ndio mwepesi."

Kisha akaingia chumbani kwa Winfrida na kukaa naye muda mrefu. Alipotoka alisema kwamba Winfrida si mtu mbaya. Amechoka, ana huzuni ya uzazi, nayo inatibika, na atamfuatilia. Akashauri mama akae na watoto wote wawili, au tutundike kitenge sebuleni ili tukae huku na huku. Nikasema nitafikiri.

Desemba 18
Nimefikiri. Baba yangu hakuwahi kula mbele ya bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mkwewe, hadi alipozikwa. Watu walimsifu kwa hilo kaburini.

Desemba 19
Nitaandika kwa utulivu.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Kufikia adhuhuri barabara ilikuwa mto wa matope. Mwanvua alikwenda soko la Mwanga asubuhi, akakwama huko. Kikombe kilikuwa mezani, na maziwa yake yalikuwa vijiko vichache. Dotto aliyakataa. Nilimgusisha kikombe mdomoni, maziwa yakateremka shavuni. Huwa ananipiga kifuani kwa kiganja, kama mtu anayebisha hodi. Leo hakubisha.

Nikampigia Elida.
"Amekataa tangu lini?"
"Tangu asubuhi."
"Miguu yake?"
"Ya baridi."
"Gari?"
"Haliwezi kupita."
"Mama yuko wapi?"
"Chumbani."
"Na wewe?"
"Sebuleni."
Nikamsikia akivuta pumzi.
"Kuna mlango mmoja kati yenu, Mwalimu. Mpeleke sasa hivi. Amweke kifuani, amkamulie matone mdomoni. Mimi natafuta njia ya kufika."

Nilisimama mbele ya mlango ule. Mimi ndiye niliyeutia bawaba, nilipoijenga nyumba, na sikuwahi kuugusa tangu Winfrida alipoingia humo. Nikakohoa. Mvua juu ya bati ilikimeza kikohozi changu. Nikakohoa tena. Kisha nikafanya ambalo baba yangu asingelifanya: nikausukuma.

Winfrida alikuwa ameketi kitandani, Kulwa yuko kifuani pake. Aliponiona alijifunika kanga uso mzima, kama mama yake alivyomfundisha. Nami nikatazama ukuta, kama baba yangu alivyonifundisha. Tukabaki hivyo, watu wawili wenye adabu, na mtoto anapoa kati yetu.

"Mama Kulwa," nikasema.
"Abee, baba."
"Dotto hanywi."
"Mwanvua yuko wapi?"
"Amekwama sokoni."
"Basi nani atanipa?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeulizwa swali hilo na moyo wake siku nyingi.

Nilianza kufungua kitenge. Baridi ilimpata Dotto, akalia. Ni kilio chembamba, kinakatikakatika, kama cha paka aliyefungiwa ghalani. Mimi nimekizoea. Winfrida alishusha kanga usoni.
"Ndivyo anavyolia?"

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwahi kukisikia kwa karibu. Nilikuwa nakitoa nje, kwenye mvua, kwa adabu.

Dotto akalia tena. Sikutazama, lakini macho hayana kifuniko kamili: mbele ya gauni la Winfrida palikuwa panalowa, pande zote mbili. Paa letu halivuji.

"Mama Dotto," nikasema, "mpokee."

Watu wote humwita Mama Kulwa. Nadhani hakuna aliyewahi kumwita Mama Dotto. Alimlaza Kulwa kando, akanyoosha mikono. Nikaenda hatua zile, nikamweka Dotto mikononi mwake. Vidole vyetu viligusana. Nyumba haikuanguka.

"Na huyu mchukue wewe," akasema. "Asipoe naye."

Nikatoka na Kulwa, nikaurudisha mlango nusu, nikaketi sakafuni nikiupa mgongo. Kulwa ni mzito, na harufu yake ni nyingine. Kwa muda nilisikia mvua tu. Kisha sauti ndogo ya koo linalomeza. Kisha tena.

"Baba," Winfrida akasema kutoka ndani.
"Naam."
"Nilidhani hutaki nimguse. Kila nikitoka, unamtoa nje. Nikasema labda umeona siwezi, maana mmoja tu alinishinda."
"Nilikuwa nakustahi."
"Na mimi nilikuwa nakustahi. Ndiyo maana sikuuliza."

Elida alifika jioni kwa miguu, buti mkononi, matope hadi magotini. Alimkuta Dotto ana joto. Alimpima, akamsikiliza kifua, akasema kesho lazima aonwe na daktari. Kisha akaketi sakafuni karibu nami, akacheka peke yake, akaomba chai.

Desemba 20
Daktari amemwona. Hakuna maambukizi. Alikuwa amepungukiwa maziwa. Namshukuru Mungu kwa sauti, na jirani wamesikia.

Desemba 22
Mwanvua, aliyekuwa amebaki Mwanga kwa ndugu zake, amerudi, akawakuta wote wawili kwa mama yao, mmoja huku na mmoja huku. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni.
"Kwa hiyo posta imefungwa," akasema. "Na mimi mfanyakazi sikupewa hata barua."
Winfrida alicheka. Sikuwa nimewahi kukisikia kicheko chake. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta wa tofali moja.

Desemba 25
Noeli. Mzee Yona amekuja na mkewe, na chupa kubwa ya uji wa pilipili manga. "Ni wa mama," akasema. "Lakini na wewe, Mwalimu, onja, maana nawe ni mzazi." Safari hii hakuna aliyecheka, hata yeye. Uji ulikuwa mzuri.

Desemba 29
Dotto ananyonya mwenyewe. Winfrida anakwenda kwa Elida kila wiki, anarudi na rangi usoni.

Januari 3
Mvua imepunguka. Dotto anaongezeka, na haruhusiwi tena kukosa ziwa la mama kwa ajili yangu. Ni haki. Nimemwambia Winfrida awabebe wote, nami nimerudi kwenye shati na tai.

Naandika ukweli: kifua changu kina baridi. Naamka na kuanza kutafuta kitenge. Leo kwenye kahawa nilikuwa nimesimama nikimsikiliza Yona akieleza habari za bei ya dagaa, akaacha katikati.
"Mwalimu, unambembeleza nani?"
Nikajitazama. Nilikuwa nikiyumba, mguu hadi mguu, mikono imekumbatia hewa.

Nimempigia Elida kumweleza. Alisema ubongo ulizoea zawadi yake, sasa unaidai, na kwamba utanyamaza kidogo kidogo. Nikamwuliza kama kuna dawa. "Ipo," akasema, "lakini haiko kwangu."

Nimeshukuru hata kwa baridi hii. Asiyewahi kubeba hasikii uzito wa mikono mitupu.

Januari 7
Jua. Nimeanika mablanketi.

Januari 12
Anatoli alirudi jana, amekonda, ananuka dizeli. Alimbeba Kulwa kama anayebeba betri. Nikamwonyesha namna.

Jioni hii nilikuwa sebuleni nikisoma. Kitasa cha chumba kikalia. Miguu yangu ilitaka kuinuka kwenda uani, nikaiamuru ikae. Winfrida alitoka na Dotto analia kilio kile, ambacho sasa kimenenepa kama mwenyewe. Alimsogeza bega la kulia, akamsogeza la kushoto. Anatoli akajaribu, akashindwa.

"Ameshiba," Winfrida akasema. "Si njaa."
Akaja hadi kwenye kiti changu. Hakumwita Mwanvua, hakumtuma mumewe. Alinisogezea mtoto kwa mikono yake miwili, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba hii alinitazama usoni.

"Baba," akasema, "fungua vifungo."

Nikafungua.